Mazoezi ya nguvu: Kioo na mizani havitoshi kupima maendeleo

KATIKA mitaa mingi ya miji ya Kenya si ajabu kumkuta kijana nyuma ya nyumba akinyanyua bomba la chuma ambalo kila ncha yake imeshikizwa kwenye mkebe uliojazwa saruji. Mwenzake mwenye uwezo zaidi hulipa ada kila mwezi ili atumie mashine za kisasa katika jumba la mazoezi. Mahali wanapofanyia mazoezi ni tofauti, lakini swali linalowasumbua baada ya wiki kadhaa za kutokwa na jasho ni moja: je, nguvu zimeongezeka ama ni bidii isiyo na tija?

Aghalabu jibu hutafutwa mahali pasipofaa. Wapo wanaosimama mbele ya kioo kila asubuhi, wapo wanaopanda mizani kila jioni, na wapo wanaoamini kuwa mtu asiyeamka na maumivu hakufanya mazoezi ya maana. Vipimo hivyo vitatu vimewapotosha wengi. Baadhi yao hukata tamaa na kuacha mazoezi wakati ambapo mwili ndio kwanza umeanza kubadilika. Wengine huongeza uzani kupita kiasi na kujiumiza, nao wengine, wanapoona matokeo yamechelewa, hushawishika kutumia dawa za kutunisha misuli ambazo zinaweza kudhuru moyo, ini na hata uwezo wa kuzaa.

Ilhali nguvu ni miongoni mwa sifa za mwili zilizo rahisi kupimwa. Hazihitaji maabara. Zinahitaji daftari, kalamu, na uaminifu wa kufanya jambo lile lile kwa namna ile ile, kisha kulinganisha matokeo.

Kanuni ya tangu zamani

Wagiriki wa kale walisimulia habari za Milo wa mji wa Croton, bingwa wa mieleka aliyetamba katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Yasemekana kwamba alimbeba ndama mabegani kila siku, na kadiri mnyama alivyokua ndivyo Milo alivyozidi kupata nguvu, hadi akaweza kumbeba fahali mzima. Hadithi yenyewe imetiwa chumvi, lakini imebeba kanuni ambayo wakufunzi wanaitegemea hadi leo: mzigo uongezwe kidogo kidogo, na ongezeko hilo liwe ndilo kipimo cha maendeleo.

Kanuni hiyo iliingizwa katika tiba na daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyewahudumia wanajeshi waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kwenye hospitali moja mjini Chicago. Wakati huo majeruhi waliodhoofika miguu walipewa mazoezi mepesi yenye marudio mengi. DeLorme alitumia njia nyingine. Alitafuta uzani mkubwa kabisa ambao mgonjwa angeweza kuuinua mara 10, akaufanya kuwa msingi wa mazoezi, kisha akawa anarudia kipimo hicho na kupandisha mzigo kulingana na matokeo. Makala aliyoichapisha mwaka 1945 ilibadilisha namna madaktari walivyowarejeshea wagonjwa nguvu, na ni chimbuko la ratiba nyingi zinazofuatwa katika majumba ya mazoezi siku hizi.

Kioo, mizani na maumivu

Kosa la kutegemea kioo linatokana na imani kwamba nguvu na ukubwa wa misuli ni kitu kimoja. Katika wiki za mwanzo, sehemu kubwa ya ongezeko la nguvu hutokana na mishipa ya fahamu. Ubongo hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa wakati mmoja na kuziratibu zifanye kazi kwa pamoja. Misuli yenyewe hunenepa baadaye, tena polepole.

Mfano mzuri ulionekana mjini Boston, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990. Wazee 10 dhaifu, wenye umri wa takriban miaka 90 na waliokuwa wakiishi katika makao ya kuwatunza wazee, walipewa mazoezi ya kuinua uzani kwa miguu kwa muda wa wiki 8. Wale 9 waliokamilisha mazoezi hayo waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174. Hata hivyo, ukubwa wa misuli ya mapaja yao uliongezeka kwa asilimia 9 pekee. Lau wazee hao wangepimwa kwa utepe wa fundi cherehani tu, ingedhaniwa kwamba jambo dogo sana limetokea, kumbe nguvu zao zilikuwa zimezidi maradufu.

Mizani nayo haiwezi kutofautisha misuli, mafuta, maji na chakula kilichomo tumboni. Uzani wa mwili unaweza kupanda au kushuka kwa kilo moja au mbili katika siku moja kutokana na maji, chumvi na mlo peke yake. Mtu anayepunguza mafuta huku akiongeza misuli anaweza kukaa miezi kadhaa bila mshale wa mizani kusogea, na akadhani kwamba amepoteza wakati wake.

Kuhusu maumivu, ukweli ni kwamba misuli huuma hasa pale inapofanyishwa kazi ambayo haijaizoea. Maumivu hayo huzidi kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi, kisha hupungua. Mtu anayeteremka mlima mrefu kwa mara ya kwanza huumwa na mapaja kwa siku mbili tatu, lakini hawezi kudai kwamba ameongeza nguvu kwa matembezi hayo. Kadiri mwili unavyozoea ndivyo maumivu yanavyopungua, hata kama nguvu zinaendelea kupanda. Anayeyasaka maumivu kama ushahidi wa mafanikio hujikuta akibadilisha mazoezi kila mara, na hatimaye hakosi tu maendeleo bali pia hukosa namna ya kuyapima.

Daftari ndilo shahidi

Chombo cha kwanza cha kupimia ni daftari. Kila siku ya mazoezi hupasa kuandikwa tarehe, aina ya zoezi, uzani uliotumiwa, idadi ya awamu, idadi ya marudio katika kila awamu, na muda wa kupumzika kati ya awamu moja na nyingine. Kumbukumbu hizo huchukua dakika chache tu, lakini bila hizo mtu hubaki kukisia.

Chukua mfano wa kijana anayelala chali na kusukuma chuma cha kilo 40 kutoka kifuani. Siku ya kwanza anafanya awamu 3 za marudio 8. Ukizidisha 3 kwa 8 kwa 40 unapata jumla ya kilo 960. Baada ya wiki nne anafanya awamu 3 za marudio 10 kwa uzani ule ule, na jumla inakuwa kilo 1,200. Chuma hakikuongezeka hata gramu moja, lakini kazi iliyofanywa imepanda kwa asilimia 25. Asiyeandika angesema bado yuko pale pale kwenye kilo 40.

Tahadhari inahitajika hapa. Jumla ya kilo 1,200 inaweza pia kupatikana kwa kusukuma kilo 20 mara 60, na kazi hiyo haipimi nguvu bali ustahimilivu. Kwa hiyo jumla zinafaa kulinganishwa tu pale ambapo zoezi ni lile lile na uzani unakaribiana.

Kuna jambo jingine linalostahili kuingia daftarini: idadi ya marudio ambayo mtu anahisi angaliweza kuyaongeza kabla ya kushindwa kabisa. Ikiwa mwezi uliopita alisukuma kilo 40 mara 8 na hakuwa na uwezo wa kuongeza hata moja, na mwezi huu anasukuma kilo hizo hizo mara 8 huku akihisi angeweza kuongeza 3, basi amepiga hatua. Anayeanza mazoezi huenda akakosea katika makadirio haya, lakini usahihi huja kwa mazoea.

Masharti yawe sawa

Kipimo hakina maana iwapo masharti yamebadilika. Mtu anayechuchumaa na chuma cha kilo 60 mabegani hadi mapaja yakalala sambamba na sakafu, kisha wiki inayofuata akachukua kilo 80 na kuinama nusu tu, hajaongeza nguvu. Amepunguza safari. Vivyo hivyo kwa anayedundisha chuma kifuani ili kipae chenyewe, au anayeyumbisha kiuno anapokunja mikono. Kupigwa picha ya video kwa simu kutoka pembeni, mahali pale pale kila mara, humwezesha mtu kuuona ukweli huo.

Saa ya mazoezi, usingizi, mlo na muda wa mapumziko pia huathiri matokeo. Aliyepumzika dakika 3 kati ya awamu atainua zaidi ya aliyepumzika dakika 1. Aliyekesha kazini usiku kucha hawezi kulinganishwa na siku aliyolala fofofo. Ndiposa yafaa vipimo vya kulinganisha vifanywe katika siku inayofanana na ile ya awali, na baada ya kupasha mwili moto kwa namna ile ile.

Kwa wanaotumia vyuma vya kujitengenezea, shida ya kwanza ni kutojua uzani halisi. Mikebe miwili ya ukubwa mmoja inaweza kutofautiana kwa kiasi cha saruji, mchanga na maji vilivyotumika. Suluhisho si ghali. Muuza nafaka au muuza vyuma vikuukuu ana mizani, na akiombwa kwa heshima atapima kila kipande, kisha kilo zake ziandikwe kwa rangi ubavuni. Njia nyingine ni maji, kwani lita 1 ya maji ina uzani wa kilo 1. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20 za maji, mbali na uzani wa mtungi wenyewe. Anayeanza na lita 10 na kuongeza lita 1 kila baada ya wiki mbili anaweza kupanga na kupima maendeleo yake sawa na aliye katika jumba la kifahari. Kinachotakikana ni kwamba mtungi unaoshikwa kwa zoezi usiwe na ufa na mfuniko wake uwe umekazwa.

Uzani wa juu kabisa

Katika mashindano, kipimo cha nguvu ni uzani mkubwa kabisa ambao mtu anaweza kuuinua mara moja kwa njia halali. Mashindano ya mtindo wa nguvu pekee yana mainuo matatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kukisukuma kifuani mtu akiwa amelala chali, na kukiinua kutoka sakafuni hadi kusimama wima. Mshindani hupewa nafasi tatu kwa kila inuo. Katika Olimpiki mainuo ni mawili, na yote mawili humalizikia juu ya kichwa.

Kwa mtu wa kawaida, kujaribu uzani wa juu kabisa kila wiki ni hatari na pia hakuna faida, kwa kuwa mwili huchoka bila kufunzwa chochote kipya. Zipo hesabu za kukadiria. Mojawapo, ambayo Boyd Epley wa Marekani aliitoa katika miaka ya 1980, inasema hivi: zidisha uzani kwa idadi ya marudio, gawanya kwa 30, kisha jumlisha jibu na uzani wenyewe. Aliyeinua kilo 60 mara 5 atapata 300 gawanya kwa 30, yaani 10. Ukijumlisha na 60, uwezo wake wa juu unakadiriwa kuwa kilo 70.

Hesabu hiyo hukaribia ukweli zaidi marudio yanapokuwa machache. Yakizidi 10, ustahimilivu huingilia na makadirio hupotoka. Anayeitumia kila baada ya wiki 8 hivi, kwa zoezi lile lile, ataona mwelekeo wake bila kujihatarisha. Na anayetaka kujaribu uzani wa juu kwa hakika ahakikishe ana msaidizi aliyesimama karibu, tayari kukidaka chuma.

Kulinganisha na nani?

Mwaka 2021, katika mashindano ya dunia mjini Tashkent, Uzbekistan, Lasha Talakhadze wa Georgia aliinua jumla ya kilo 492, yaani 225 kwa inuo la kwanza na 267 kwa la pili. Alishindana katika kundi la watu wazito kuliko wote. Hakuna haja ya mtu wa kilo 60 kujifananisha naye, na hata wasimamizi wa mchezo huu hawafanyi hivyo. Wachezaji hutengwa kwa uzani wa mwili, na pale wanapochanganywa hutumiwa hesabu maalumu ya kuwasawazisha.

Wakenya wanakumbuka Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyoandaliwa Birmingham, Uingereza, mwaka 2022, ambapo Hellen Wawira alijishindia nishani ya shaba katika unyanyuaji uzani wa walemavu, kitengo cha wanawake wepesi. Washindi katika kitengo hicho hawakuamuliwa kwa kilo peke yake. Walipangwa kwa alama zilizozingatia uzani wa mwili wa kila mshindani pamoja na uzani alioinua.

Mtu wa kawaida anaweza kutumia hesabu nyepesi zaidi, ya kugawanya uzani alioinua kwa uzani wa mwili wake. Mwenye kilo 60 anayeinua kilo 90 kutoka sakafuni ana alama 1.5. Mwenye kilo 100 anayeinua kilo 120 ana alama 1.2, japo chuma chake ni kizito zaidi. Hesabu hii humfaa hasa anayepunguza unene, maana akibaki na nguvu zile zile huku mwili ukipungua, alama yake hupanda. Hata hivyo, mshindani bora wa kila mtu ni yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita.

Wasio na chuma chochote wana vipimo vyao. Idadi ya pushapu ambazo kifua kinashuka hadi karibu na sakafu, au idadi ya mara ambazo mtu anaweza kujivuta hadi kidevu kipite mti, ni kipimo kamili. Marudio yakishakuwa mengi, kwa mfano zaidi ya 20, zoezi lifanywe gumu zaidi, mathalani kwa kuweka miguu juu ya kiti, ili liendelee kupima nguvu.

Matarajio na subira

Anayeanza anaweza kuongeza uzani karibu kila wiki. Baada ya miezi kadhaa ongezeko hupungua, na aliyefanya mazoezi kwa miaka huridhika akiongeza kilo chache kwa mwaka. Huko si kurudi nyuma. Ndio mwendo wa kawaida wa mwili. Kwa sababu hiyo vyuma vidogo vya kilo 1.25 kila upande vina thamani kubwa kuliko vile vinavyopigiwa picha.

Si busara kutoa hukumu kwa siku moja. Malaria, mfungo, msiba au kazi nyingi vyaweza kushusha matokeo kwa wiki nzima. Lakini iwapo takwimu zimekwama kwa wiki nne mfululizo, daftari husaidia kutafuta chanzo: usingizi umepungua, chakula hakitoshi, au mapumziko kati ya siku za mazoezi ni machache mno. Anayelenga kuongeza ukubwa wa misuli naye anaweza kutumia utepe, almuradi apime mahali pale pale, asubuhi, kabla ya mazoezi, tena mara moja tu kwa mwezi.

Wazee ndio wenye haja zaidi

Mazoezi haya si ya vijana wanaotaka kutunisha vifua peke yao. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na mtu hagundui mpaka siku anaposhindwa kuinuka kwenye kigoda au kupanda ngazi ya matatu bila kushikwa mkono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Walio na miaka 65 na zaidi wanashauriwa kufanya mazoezi ya nguvu na ya kudhibiti mizani ya mwili angalau siku 3.

Kipimo chao ni kiti. Kiti kigumu kisicho na magurudumu huwekwa kikiegemea ukuta, mzee hukunja mikono kifuani, kisha huhesabiwa mara anazosimama wima na kuketi katika sekunde 30. Idadi huandikwa na kipimo kurudiwa kila mwezi. Njia nyingine ni kupima muda wa kusimama na kuketi mara 5. Wataalamu wa Ulaya walioafikiana kuhusu udhaifu wa misuli mwaka 2019 waliweka mpaka wa sekunde 15. Anayezidi hapo nguvu zake za miguu zinatiliwa shaka. Waliweka pia mpaka wa nguvu za kiganja zinazopimwa kwa chombo cha kuminywa: chini ya kilo 27 kwa wanaume na kilo 16 kwa wanawake.

Kiganja kina habari nyingi. Utafiti uliohusisha takriban watu 140,000 katika nchi 17, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kila upungufu wa kilo 5 katika nguvu za kiganja uliambatana na ongezeko la asilimia 16 la uwezekano wa kufariki katika kipindi cha utafiti. Haina maana kwamba kuminya mpira kutarefusha maisha. Kiganja ni dirisha tu la kuchungulia hali ya mwili mzima.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au maumivu ya viungo, na pia mama mjamzito, hana budi kupata ushauri wa daktari kabla ya kujipima. Na yeyote anayehisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukatika pumzi kusiko kwa kawaida aache mara moja.

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilikuwa kipimo sokoni, na muuzaji hakukijaza kwa kukisia. Kijana mwenye mikebe ya saruji na nyanya anayeinuka kitini wanaweza kuanza leo kwa kuandika tarehe na tarakimu moja. Baada ya miezi mitatu, tarakimu hiyo itawaeleza yale ambayo kioo hakiwezi.